Karatasi ya chooni kwenye mizani

Karibu kila anayenunua karatasi ya chooni huipima kwa kidole gumba. Huiminya roli: ikibonyea huitia kapuni, ikigoma huirudisha rafuni. Kipimo hicho kinapima upepo zaidi ya karatasi. Roli iliyosokotwa kwa ulegevu hubonyea hata kama karatasi yake ni ya kuparuza, na roli nzuri iliyokazwa vizuri huonekana ngumu kama gogo. Sisi tumeipima bidhaa hii kwa uzito wake, inavyovumilia majimaji, vumbi inaloacha na inavyosambaratika ikishaingia bombani.

Hukumu yetu tunaitoa mapema ili asiye na muda asipoteze muda. Kama kikaushio, karatasi ya chooni ni bidhaa bora kupita bei na sifa zake. Kama kisafishio, ikiachwa peke yake bila maji, ni ya wastani tu.

Na si sisi wa kwanza kulisema hilo. Mwaka 851 taarifa ya Kiarabu kuhusu safari za China iliwaeleza wasomaji wake, kwa mshangao ulio wazi, kwamba Wachina hawajali sana usafi, maana wakitoka haja hawachambi kwa maji bali hujipangusa kwa karatasi. Wakati huo karatasi chooni ilikuwa tayari jambo la zamani huko China. Mwaka 105 afisa wa ikulu Cai Lun alimwonesha mfalme namna bora ya kutengeneza karatasi, na kufikia mwaka 589 mwanazuoni Yan Zhitui aliandika kwamba hathubutu kutumia msalani karatasi yenye maneno ya vitabu vitukufu au majina ya wahenga. Katazo kama hilo huwekwa pale tu ambapo wengine wanathubutu. Mwaka 1393 ofisi ya mahitaji ya ikulu ilitengeneza karatasi 720,000 kwa ajili ya vyoo vya ikulu, kila moja yenye upana wa takriban futi 2 na urefu wa futi 3, na nyingine 15,000 laini zaidi, zenye manukato, kwa familia ya mfalme. Tofauti ya daraja la kawaida na daraja la juu, basi, haikuanzia kwenye maduka makubwa ya leo.

Kabla ya hapo, na nje ya hapo, watu walitumia kilichokuwepo. Wagiriki walitumia vijiwe na vigae vya vyungu. Wajapani walikuwa na vijiti bapa vya mbao. Katika kituo cha kale cha wasafiri cha Xuanquanzhi, kwenye Njia ya Hariri, vilichimbuliwa vijiti vilivyoviringishwa kitambaa, vyenye umri wa takriban miaka 2,000, na kwenye kitambaa hicho wanasayansi wakakuta mayai ya minyoo, yakiwemo ya mnyoo wa ini asiyepatikana eneo lile kavu. Maana yake ni kwamba mgonjwa alisafiri na ugonjwa wake kutoka mbali. Warumi walikuwa na sifongo iliyofungwa kwenye kijiti. Mwanafalsafa wao Seneca anasimulia mpiganaji wa Kijerumani aliyejiua kwa kujisokomezea kifaa hicho kooni, na hapo anataja wazi kwamba kazi yake ilikuwa kusafishia sehemu za siri. Sheria ya Kiislamu nayo iliweka utaratibu unaoeleweka hata kwa fundi: maji ndiyo bora, na badala yake huruhusiwa mawe yasiyopungua matatu, idadi ikiwa witiri, bila kutumia mfupa wala kinyesi cha mnyama. Karatasi ikaja kuingizwa kwenye nafasi ile ile ya jiwe. Nafasi hiyo inaifaa.

Karatasi ya chooni ya kufungashwa na kuuzwa dukani ilianza Marekani. Joseph Gayetty wa New York aliiuza mwaka 1857 kama dawa, imetiwa shubiri, karatasi 500 kwa senti 50, na jina lake likiwa limechapwa ndani ya kila kipande. Yan Zhitui aliogopa kujipangusa kwa majina ya watu wakubwa; Gayetty akajitolea lake mwenyewe. Seth Wheeler wa Albany ndiye aliyetupa roli yenye mistari ya vitobo, na mchoro wa hataza yake ya mwaka 1891 unaonesha ncha ya karatasi ikishukia mbele, upande wa mtumiaji, si nyuma upande wa ukuta. Wanaobishana nyumbani kuhusu ncha ikae wapi wana hati ya kutosha. Hoja pekee ya maana ya upande wa ukuta ni paka na watoto wadogo, ambao hupenda kuizungusha roli kwa kuipiga kutoka juu kwenda chini.

Kilichochelewa ni aibu kuisha. Ndugu wawili wa Scott, walioanzisha kampuni yao Philadelphia mwaka 1879, kwa muda mrefu waliuza karatasi kwa majina ya wenye maduka badala ya jina lao. Huko Ujerumani Hans Klenk alianza kutengeneza roli mwaka 1928, na tangazo lake lilimfundisha mteja aombe "Hakle", asije akalazimika kutamka karatasi ya chooni mbele ya watu. Miaka ya 1930 kampuni ya Northern ya Marekani ilijisifu kwamba karatasi yake haina vibanzi vya mti. Ukisoma tangazo hilo leo unacheka. Aliyelisoma wakati ule alijua linazungumzia nini.

Sasa turudi kwenye roli yenyewe.

Karatasi hii huanza kama uji mwembamba wa nyuzi za mti. Uji humwagwa kwenye wavu unaokimbia, maji huchujwa, kisha utando uliobaki hubandikwa kwenye silinda kubwa ya chuma yenye moto. Ukishakauka, kisu huukwangua kutoka kwenye silinda ile kwa kasi kubwa, na hapo utando hujikunja vikunjo vidogo mno, kama shati lililosukumwa kwa kiwiko. Ulaini mwingi unatoka kwenye vikunjo hivyo. Vuta kipande taratibu kwa kukifuata urefu wa roli, utakiona kinarefuka kabla ya kukatika: ndivyo vikunjo vinavyonyooka. Kisu kikiwa butu, vikunjo hutoka vibaya na nyuzi hung'oka, na mteja hupata karatasi yenye vumbi.

Aina ya mti nayo ina lake. Misonobari na jamii yake hutoa nyuzi ndefu zinazoshikana, yaani nguvu. Mikaratusi hutoa nyuzi fupi na nyembamba, yaani ulaini. Karatasi nzuri ni mchanganyiko wa zote mbili, na mtengenezaji akizidisha nyuzi fupi ili roli iwe nyororo, hulipa kwa vumbi na kwa kupasuka. Karatasi iliyotengenezwa kwa karatasi chakavu ina tatizo hilo hilo kwa sababu tofauti: kila mzunguko wa kuchakata hukata nyuzi zikawa fupi zaidi. Kwa kukausha inafaa kabisa, na kwa misitu ndiyo chaguo letu la kwanza. Iwapo risiti za madukani zimeingia kwenye mchanganyiko, mabaki ya kemikali ya BPA huweza kuonekana kwenye karatasi, kwani baadhi ya risiti, zile zinazochapwa kwa joto bila wino, hupakwa kemikali hiyo. Ndiyo maana risiti haifai kutupwa kwenye kapu la karatasi za kuchakatwa.

Mianzi inasifiwa sana siku hizi. Ni nyasi, hukatwa ikachipua tena bila kupandwa upya, na nyuzi zake zina nguvu ya kutosha. Karatasi yake huwa na ukavu kidogo mkononi, lakini ikilowa inajikaza vizuri kuliko ya mikaratusi mitupu. Kasoro ni lebo: neno "mianzi" linaweza kuandikwa kwa herufi kubwa huku ndani kukiwa na mchanganyiko. Tafuta penye asilimia 100, usipopaona chukulia kwamba haipo.

Tabaka ndilo neno linalowapoteza wanunuzi wengi. Tabaka tatu za gramu 13 kwa mita ya mraba ni gramu 39. Tabaka mbili za gramu 19 ni gramu 38. Ni karatasi ile ile, imegawanywa tofauti. Tabaka zina faida moja halisi: nafasi kati yake hushika maji, na tundu likitokea kwenye moja halipiti moja kwa moja hadi kidoleni. Kupita mbili, faida hiyo hupungua haraka.

Unachohitaji ni mizani ya jikoni. Chukua roli yenye vipande 200, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, tabaka mbili. Eneo lake ni mita 2 za mraba, na kwa kuwa ni tabaka mbili, karatasi halisi ni mita 4 za mraba. Pima roli, toa uzito wa mrija wa kadibodi (weka mtupu mwingine kwenye mizani ujue), kisha gawa kwa 4. Karatasi ikiwa na uzito wa gramu 64, kila tabaka ina gramu 16 kwa mita ya mraba, kiwango kizuri. Ikiwa gramu 50, umeshuka hadi 12.5, na utajikuta ukikunja mara mbili zaidi ya kawaida. Chini ya gramu 14 kwa tabaka hatuipendekezi, hata lebo iwe na picha ya mawingu na unyoya.

Ukubwa wa roli ndio udanganyifu mkongwe. Roli yenye kipenyo cha sentimita 11 na mrija wa sentimita 4, ikisokotwa kwa kukazwa ili kila mzunguko uchukue milimita 0.25, ina takriban mita 33 za karatasi. Isokote kwa ulegevu, kila mzunguko milimita 0.4, unabaki na mita 20 na ushei. Panua mrija ufike sentimita 5, unashuka hadi 19. Roli zote tatu zikipangwa rafuni zinaonekana mapacha. Soma idadi ya vipande na vipimo vya kila kipande, maana vipande navyo vimekuwa vikipunguzwa: kile cha asili cha inchi nne na nusu, yaani sentimita 11.4, kimekuwa adimu.

Kwa majimaji tunatumia majaribio mawili. La kwanza: tandaza vipande viwili juu ya mdomo wa glasi, vibane kwa mpira, dondoshea matone kumi ya maji katikati, hesabu hadi tano, kisha bonyeza kwa kidole polepole. Karatasi nzuri hulegea kwanza, ikazama kidogo, halafu ndiyo itoboke. Mbaya hutoboka kabla hujabonyeza, na kila mtu anajua tundu hilo huonekana wapi. La pili ni kinyume chake: tia vipande vinne kwenye chupa ya mdomo mpana yenye nusu lita ya maji, funga, tikisa mara ishirini. Viwe uji. Ukibaki na matambara yanayoshikana, bomba lako litayaona hivyo hivyo.

Hapo ndipo tishu za uso na karatasi za jikoni zinapoangukia. Hizo hutiwa gundi maalumu ili zisisambaratike zikilowa, na ndiyo sifa yake jikoni. Chooni sifa hiyo ni balaa. Ukizitikisa kwenye chupa ile, zinatoka zikiwa nzima.

Vitambaa vyenye unyevunyevu vya pakiti tumevipa alama 2 kati ya 10, na hizo mbili ni kwa ajili ya safari tu. Vingi vina nyuzi za plastiki, na maandishi ya "vinapita chooni" yanamaanisha vinapita kwenye bakuli. Hayasemi vinaishia wapi. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, likakutwa bonge la mafuta yaliyoganda na vitambaa hivyo, tani 130, urefu wa mita 250. Pia baadhi hutiwa kihifadhi kinachoitwa methylisothiazolinone, chanzo kinachojulikana cha mzio wa ngozi. Mtu huwashwa, akadhani hajajisafisha vya kutosha, akaongeza kitambaa, akawashwa zaidi.

Wahenga walishaonya: kuchamba kwingi kuondoka na mavi. Wenye ujuzi wa ngozi wanasema karibu maneno hayo hayo kuhusu kufuta. Kusugua kwa karatasi kavu hukwangua ngozi laini, ngozi iliyokwanguka hutoa majimaji na kuwasha, mtu akasugua tena. Gandamiza, inua, kunja, gandamiza tena. Wanawake waelekee nyuma daima, kutoka mbele, kwa sababu bakteria wa utumbo wakifikishwa kwenye njia ya mkojo huleta maambukizi. Manukato na rangi ni bora ziachwe. Ngozi hiyo haina pua.

Hili linatuleta kwenye maji, mshindani ambaye karatasi haijawahi kumshinda kwa kazi ya kusafisha. Kopo ndilo kifaa cha zamani na bado halina kasoro ya kiufundi: nusu lita hadi lita moja, mkono wa kulia ukimimina, wa kushoto ukichamba, sabuni ya mikono baadaye. Kinachokosewa ni kuliacha kopo sakafuni likiwa na maji yaliyolala. Lining'inizwe, likauke. Bidee ya Kifaransa, beseni la kukalia wakati wa kuchamba, ilitokea mwanzoni mwa karne ya 18, na jina lake ni la farasi mdogo, kwa namna mtu anavyoipanda. Italia iliifanya lazima katika bafu za nyumba za makazi kwa agizo la mwaka 1975. Kampuni ya Toto ya Japani ilitoa Washlet mwaka 1980, kiti chenye kijibomba kinachojitokeza, maji ya vuguvugu na, kwenye matoleo mengi, hewa ya kukausha. Ni kizuri, lakini ile hewa huchukua muda mrefu kuliko subira ya watu wengi, nao huishia kuchukua karatasi.

Kwa nyumba ya kawaida tunapendekeza shatafu, ule mpira wenye kichwa cha kubonyeza. Alama 9 kati ya 10. Kuifunga ni kazi ya nusu saa: funga koki ya maji yaingiayo kwenye tangi la choo, vuta maji tangi liishe, fungua mpira wa tangi, weka kiungo cha njia tatu, rudisha mpira wa tangi juu yake na unganisha wa shatafu pembeni. Tepu nyeupe ya hesi huzungushwa kwenye viungo vya chuma kwa chuma pekee, mizunguko mitano au sita kufuata mkono wa saa. Penye washa ya mpira haihitajiki, na ukiizungusha hapo washa haikai sawa na maji yanachuruzika. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Zaidi ya hapo unapasua kiungo cha plastiki.

Alama moja tuliyoipunguza ina sababu. Kichwa cha shatafu si koki. Ukiachia kitufe, maji husimama lakini mpira wote unabaki umejaa shinikizo usiku na mchana, na ndio hupasuka mwenyeji akiwa hayupo. Weka koki ndogo kwenye kiungo, uifunge kila baada ya matumizi. Wala kichwa kisiachwe kimelala ndani ya bakuli, kwani shinikizo la mtandao likishuka ghafla, maji ya bakuli huweza kufyonzwa kurudi kwenye bomba safi.

Baada ya maji, karatasi inapata kazi inayoijua. Vipande viwili vya gramu 16, au vitatu, vinatosha kukausha, na hapo vumbi ndilo huwa mtihani: rarua kipande juu ya kitambaa cheusi uone kinachobaki. Karatasi ya vumbi kwenye ngozi yenye unyevu hujiviringisha vitonge, na vitonge hukaa.

Kuna pahala, kwa mfano Ugiriki na Uturuki, ambapo utakuta kapu lenye mfuniko pembeni na tangazo la kutotupa karatasi chooni. Lifuate. Mabomba ya majengo mengi huko ni membamba, na karatasi hukwama kwenye kona ya kwanza. Kwenye tangi la maji taka la nyumbani karatasi inayopita jaribio la chupa haina shida. Nene ya kifahari hujaza tangi upesi.

Mwisho, kero mbili ndogo. Roli ya tabaka mbili ikianza kuraruka kwa mshazari, vitobo vya tabaka haviendi pamoja: shika tabaka ya ndani, viringisha ile ya juu peke yake mzunguko mmoja, irarue, na mistari itakutana. Na akiba isikae bafuni. Karatasi hunywa mvuke hata ikiwa ndani ya nailoni iliyotobolewa, ikavimba, ikapata ukungu kuanzia kwenye mrija wa kadibodi. Ichungulie pale katikati: vidoa vya kijivu vikionekana kwenye kadibodi, karatasi ya ndani imeshaharibika japo ya nje bado ni nyeupe.